Bwana Likizo

"Nimewaambia wanne," Fundi alisema, pini mbili zikiwa bado mdomoni. "Nimewaambia niliwahesabu mwenyewe kwa macho yangu haya, wala sikusimuliwa na mtu."

Alikuwa kwenye cherehani yake barazani, nyumba ya mwisho katika zile nyumba za kikosi cha zimamoto, pale ambapo gari likitoka kituoni ni lazima lipite. Mchana ule alikuwa amekuja mpelelezi wa bodi ya uchunguzi, mtu nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, kumuuliza aliona nini siku mdogo wake alipoungua. Alikwenda kwa mtu sahihi. Mtaa mzima ulijua kwamba king'ora kikilia, Fundi huacha shati la watu lining'inie kwenye sindano, husimama, huhesabu vichwa garini, ndipo hukaa tena. Mumewe alikuwa kiongozi wa zamu. Mdogo wake, ambaye kwa kuwa wa mwisho kuzaliwa aliitwa Kitinda hata na wakubwa zake kazini, alikuwa akikaa kiti cha nyuma. Mwanamke mwenye watu wawili ndani ya gari moja ana haki ya kuhesabu.

Mumewe, Sajini, alikuwa mlangoni anavua buti. Akabaki ameshika moja mkononi.

"Umesema wanne?"

"Nimesema na nimetia sahihi. Nilijua wanachotafuta. Wanataka kusema ulitoa gari pungufu, unga umwagike. Nikawafunga mdomo."

Alitegemea kushukuriwa. Badala yake mumewe alikaa chini kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani ya buti na mwingine peku, kama mtu aliyesahau alikuwa anaingia au anatoka.

"Tulikuwa watatu," alisema.

"Acha utani. Nimeona wanne."

"Umeona watatu na koti."

Fundi alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kitambaa. Hakutaka kuzimeza, maana alihisi kwamba kinachofuata kitamfanya avute pumzi.

Ilianza kama mzaha, na mwenye mzaha alikuwa Kitinda mwenyewe. Gari lile lina viti vinne kwa sababu kazi ile ni ya watu wanne: wawili huingia motoni pamoja, mmoja hukaa kwenye pampu, na mmoja husimama mlangoni na mpira wa maji, tayari kuwafuata wenzake wakikwama. Lakini wa nne alistaafu, na halmashauri haikuajiri mwingine. Kila alipoulizwa, Mkuu wa kituo alijibu kwamba wa nne yuko likizo. Likizo ikawa ndefu kuliko kazi. Mitaani watu wakaanza kuwazomea: gari kubwa hivyo, watu watatu, mnakwenda kupiga picha? Siku moja ganda la tikiti likampiga dereva usoni. Basi Kitinda akachukua koti la moto la ziada, akalivisha kiti kilichokuwa wazi, akalifunga mkanda, akaweka kofia ngumu juu yake, akasema, "Huyu ni Bwana Likizo. Mheshimuni, ndiye pekee hapa anayelala usingizi wa kutosha." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Zomeazomea ikaisha. Tangu hapo Bwana Likizo hakukosa safari hata moja.

"Mkaniacha nihesabu koti," Fundi alisema polepole. "Mwaka mzima. Nakaa hapa, moyo unatulia, nawapungia mkono. Nanyi mnanipungia, mnaniona mjinga."

"Kitinda alisema tukikwambia hutalala."

"Na sasa nalala?"

Mama yao Fundi na Kitinda alikuwa ndani anakunja shuka za kupeleka hospitali. Alikuja akasimama nyuma ya pazia, akaongea bila kulifungua, kwa sababu hakupenda kumkemea mkwe wake uso kwa uso. "Baba, mimi sijui mambo ya magari. Niambie jambo moja tu. Hiyo wanne aliyosema mwanangu, inamsaidia mdogo wake au inamuumiza?"

Sajini alijibu akiangalia buti. "Inamuumiza, mama."

Akaeleza, na hakuna aliyemkatisha. Mkuu alikuwa ameandika kwamba gari lilitoka na watu wanne. Kama walikuwa wanne, basi Kitinda alikuwa na mwenzake wa kuingia naye, na akaamua kuingia peke yake kwa kiburi chake. Huo ni utovu wa nidhamu. Mtovu wa nidhamu hatibiwi na kikosi, na akipona hana kazi. Lakini kama walikuwa watatu, aliingia peke yake kwa sababu hapakuwa na mwingine, na mwenye kujibu ni aliyeliacha gari likitembea na watatu. Bodi ilikuwa na neno la Mkuu dhidi ya neno la Sajini na dereva. Sasa ilikuwa na shahidi wa tatu, dada wa mgonjwa mwenyewe.

Fundi alisimama. Alitaka kulia, hakulia. Alichukua futi iliyokuwa shingoni, akaitupa juu ya cherehani.

"Nitakwenda kuwaambia nilikosea."

"Watakuuliza kwa nini."

"Basi nitawaambia nimeolewa na muongo," alisema, akaingia ndani.

*

Hospitalini walimkuta Kitinda ametolewa chumbani, kitanda chake kimesukumwa ukumbini karibu na mlango wa choo. Kila aliyepita alikigonga kidogo kwa nyonga au kwa ndoo. Moshi ulikuwa umemuunguza koo. Alipumua kwa mpira wa hewa, kwa mlio mwembamba wa mtu anayevuta uji wa moto.

"Nani amemhamisha?" Fundi alimuuliza karani wa dirishani.

"Kikosi kimeleta ujumbe, dada. Tusubiri uamuzi wa bodi. Ikisema kikosi ndicho kinacholipa, anarudi ndani. Ikisema sicho, mtalipia nyinyi."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo yuko hapo," karani alisema, akaonyesha ukumbi kwa kidevu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka, na nyuma ya Fundi kulikuwa na foleni.

Mama yao alihamisha kiti, akakaa kati ya kitanda na mlango wa choo ili watu waanze kumgonga yeye.

Sajini alikaa upande wa pili. Siku ile ya moto haikumtoka kichwani. Duka la magodoro lilikuwa linawaka, na watu walipiga kelele kwamba mlinzi yumo ndani. Dereva, ambaye kwa mwendo wake wa kasi walimwita Breki kwa kumkejeli, alikuwa kwenye pampu. Sajini alikuwa mlangoni. Akamwambia shemeji yake, "Ingia, niko nyuma yako." Halafu maji yakakatika: mtazamaji mmoja alisogeza gari lake aone vizuri, akaukanyaga mpira wa maji barabarani. Hapakuwa na wa kumtuma. Sajini aliacha mlango, akakimbia, akapigapiga kioo cha yule bwana mpaka akasogea. Aliporudi dari ilikuwa imeanguka. Mlinzi alikuwa ng'ambo ya barabara tangu mwanzo, anatazama kama wengine.

"Niko nyuma yako." Maneno hayo yalimla Sajini kila alipoona ule mpira wa hewa. Kitinda alimtazama, akanyanyua vidole viwili kidogo kutoka kwenye shuka, salamu yao ya kazini. Sajini akashindwa kuirudisha.

*

Mkuu wa kituo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alikuwa mzimamoto kabla hajawa mtu wa kiti. Goti lake la kushoto lilivunjika kazini na halikupona sawasawa. Alimkaribisha Sajini ofisini, akafunga mlango.

"Najua unachotaka kusema. Sema kwa sauti ndogo."

"Afande, badilisha taarifa. Yule kijana amelazwa mlangoni mwa choo."

"Nimeomba watu mpaka nimechoka. Unajua walinipa nini mara ya mwisho? Rangi ya geti." Mkuu alisugua goti. "Halafu wakanieleza vizuri. Kituo kisichotimiza idadi kinafungwa. Kikifungwa, gari litatoka mji wa pili. Mpaka lifike hapa, kitu gani kitakuwa kimebaki cha kuzimwa? Kwa hiyo nikaandika wanne. Ninaandika wanne kila siku, ili angalau watatu wawepo."

Sajini hakuwa ametegemea kumwelewa.

"Na wewe fikiri," Mkuu aliendelea, sasa kwa sauti nyingine. "Ukisema watatu, watauliza nani alitoa gari. Wewe. Nani alidanganya mtaa kwa koti. Nyinyi. Nyumba ile unakaa kwa cheo, si kwa urithi. Mama mkwe utamweka wapi, kwenye baraza la nani?"

"Unanitisha, afande?"

"Nakukumbusha. Ningetaka kukutisha, ningekusimamisha kazi."

*

Bodi ilikaa kwenye bwalo la kituo, meza mbili zimeunganishwa, na nyuma yake dirisha kubwa linaloangalia banda la gari. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye kamba, mkali wa haki lakini mwenye haraka. Fundi aliitwa mapema. Alikuwa amevaa gauni lake la heshima, alilolishona mwenyewe, na mikono haikujua pa kukaa.

"Mheshimiwa, naomba kufuta maneno yangu. Niliona watatu. Wa nne lilikuwa koti limevikwa kofia."

Mjumbe mmoja alicheka puani. "Ambalo, kwa maelezo yako, ulilipungia mkono."

"Ndiyo."

"Likakupungia?"

Wakacheka wote, isipokuwa Mwenyekiti. Fundi alisimama palepale, uso unamuwaka, akasubiri wamalize, maana aliyelala mlangoni mwa choo alikuwa ndugu yake, si wao.

"Mama," Mwenyekiti alisema, "juzi ulisema wanne na ukatia sahihi. Leo, umejua kwamba wanne inamuumiza mdogo wako, unasema watatu. Nikuamini lini?"

Fundi akaambiwa akae. Alikaa karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kushona, alikuwa anafumua pasipo na kosa: uzi wa pindo la gauni lake, kidogokidogo, kwa kucha.

Sajini akaitwa. Alisimama wima, kofia kwapani. Mkuu, pembeni ya meza, alimtazama mara moja, akageuza macho akatazama goti lake.

"Siku ile," Mwenyekiti aliuliza, "gari lilitoka na watu wangapi?"

"Tulikuwa..."

Kengele ikalia.

Ililia kwa nguvu hadi vikombe vikatetemeka mezani. Mtu wa simu alifungua mlango bila kubisha. "Jengo la nyuma ya soko! Moto umeshika ngazi, kuna mzee juu hawezi kutembea!"

Miguu ya Sajini ilikimbia kabla yeye hajaamua. Breki alikuwa tayari kwenye usukani. Mrefu, mzimamoto aliyeazimwa kutoka kituo kingine kushika nafasi ya Kitinda, alikuwa anavaa mtungi wa hewa. Injini ikanguruma. Kwenye kiti cha nne alikaa Bwana Likizo, kimya, mkanda kifuani. Sajini aliweka mguu kwenye ngazi ya gari. Halafu akaushusha.

"Zima," alimwambia Breki.

"Nini?"

"Siondoki na watatu."

Breki alimtazama kama mtu aliyemsikia akitukana msikitini. Wajumbe walikuwa wametoka bwaloni, wamejaa bandani. Getini watu walishaanza kupiga kelele, maana moshi ulionekana.

"Umepata wazimu?" Mwenyekiti alisema. "Watu wanaungua, nyinyi mnahesabiana?"

"Mama, nikienda na watatu nitaingiza mmoja." Sajini alimgeukia. "Niliingiza mmoja. Nilimwambia niko nyuma yako, na sikuwa nyuma yake. Siwezi tena. Nipeni wa nne."

"Wa nne yuko wapi?" Mwenyekiti alimgeukia Mkuu. "Umeandika kituo hiki kina watu wanne kila zamu. Yuko wapi?"

Mkuu alifungua mdomo. Pale getini mwanamke alikuwa ameshika nondo anapiga mayowe, anamwita babake. Fundi, aliyesimama na uzi wa gauni ukimning'inia miguuni, alitaka kumwambia mumewe nenda, na alitaka kumwambia usiende. Alijichukia kwa yote mawili. Mzee yule akifa, mtaa huu hautawasamehe kamwe, na yeye mwenyewe asingejua awatetee vipi. Alifumba macho.

"Afande," Sajini alisema, na sasa alikuwa anaomba. "Wewe una mafunzo. Mlangoni tu. Hutaingia. Ushike mpira usimame mlangoni."

"Goti langu..."

"Afande!"

Mkuu alitazama geti, akamtazama yule mwanamke. Akavua koti la suti, akalitupa sakafuni. Alipanda garini kwa mguu mzuri akiuburuta mbovu, akafungua mkanda wa kiti cha nne, akamvua Bwana Likizo koti na kofia, akavaa yeye. Viatu vilibaki vya ofisini.

"Washa," alisema.

Gari likatoka.

*

Waliobaki walibaki na kelele za king'ora zikififia. Mwenyekiti alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hakuona hata kama ni ndoo. Hakuna aliyeongea na Fundi. Moshi ulikuwa mweusi, ukawa mzito zaidi, ukageuka wa kijivu. Fundi alijua kutoka kwa mumewe kwamba kijivu maana yake maji yamefika. Hakumwambia mtu, isije ikawa amekosea tena.

Gari liliporudi, taratibu, hakuhesabu vichwa. Alikuwa amemaliza habari ya vichwa. Alisubiri miguu ishuke. Akashuka Breki. Akashuka Mrefu, akageuka kumpa mkono mtu, na aliyeshuka akimwegemea alikuwa Sajini, suruali imechanika mpaka pajani, damu imeganda. Mwisho vikashuka viatu vya ofisini, vyeusi kwa masizi.

"Mzee?" Mwenyekiti aliuliza.

"Yuko hai. Anatukana kwamba tumelowesha redio yake." Mkuu alikaa kwenye ngazi ya gari. Alikuwa anahema vibaya. "Ngazi ilikatika. Sajini alizama hadi kiunoni, na chini yake moto. Nilikuwa mlangoni, namuona, simfikii. Mrefu akamshika kwapa akamvuta. Angekuwa peke yake ningemwangalia tu. Ningemwangalia akienda."

Mwenyekiti alivaa miwani. "Mkuu, nakuuliza mbele ya bodi. Leo gari lilikuwa na watu wangapi?"

"Wanne."

"Na siku ya duka la magodoro?"

Mkuu alitazama mlango wa gari, kisha akamtazama Fundi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Watatu," alisema. "Huyu mama alisema kweli. Wanne niliandika mimi."

Hakuna aliyeshangilia. Yule mjumbe aliyecheka alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake kwa muda mrefu. Mwenyekiti aliagiza mgonjwa arudishwe chumbani jioni hiyohiyo kwa gharama ya kikosi, na gari lisitoke tena bila watu wanne, wa kuazima au wa kuajiri. Mkuu akamwambia kwamba halmashauri itafunga kituo. "Waje wakifunge mimi nikiwa mlangoni," Mwenyekiti alijibu, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayejua kwamba huenda wakaja kweli. Sajini alivuliwa cheo kabla jua halijatua, kwa kuchelewesha gari na kwa lile koti. Walipewa mwezi mmoja waihame nyumba. Mtaa uliendelea kumwita Sajini, kwa kuwa hawakuwa na jina lingine la kumpa.

*

Walipofika hospitalini Kitinda alikuwa chumbani, karibu na dirisha. Mama yao alikuwa bado anasogeza kiti huku na huku, hajui akiweke wapi sasa kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumzuia asikigonge kitanda. Sajini alibaki mlangoni na mguu wake uliofungwa bandeji. Ni Fundi aliyekaa kitandani na kusimulia yote, kengele, geti, Mkuu na viatu vyake. Alimwambia kwamba ni ajali ya kazini, imeandikwa. Alimwambia kazi yake ipo. Alitegemea angalau tabasamu.

Kitinda alimvuta mkono. Hakuwa ameongea tangu siku ile; sauti iliyotoka ilikuwa kama karatasi inayopasuliwa, na Fundi alilazimika kuinamisha sikio.

"Ndani," aliuliza. "Waliingia wangapi?"

"Wawili. Mume wangu na yule Mrefu."

"Pamoja?"

"Pamoja, mdogo wangu. Mguu kwa mguu."

Kitinda akageuza uso ukutani. Mabega yakaanza kutikisika, na ule mpira wa hewa ukatikisika nayo. Mama yao aliruka kutoka kitini akiuliza anaumwa wapi, aitwe nani, na Fundi akamshika mkono amzuie, kwa sababu alikuwa ameelewa analilia nini, yeye aliyeingia peke yake, na hapakuwa na daktari wa kuitwa.